Kiungo cha Mzee Shabani

Siku mliponiaga pale karakana mlinivisha kitenge, mkanilisha pilau, na mmoja wenu akasimama kunitania kwamba Mama Naomi anastaafu bila kuacha hata shabani moja kwenye gari la mtu. Mlicheka wote. Nikacheka na mimi, maana nilikuwa na sahani mkononi na sikujua niiweke wapi. Neno hilo mnalitumia kila siku. Waya ukiungwa vibaya ukafunguka njiani, mnasema fundi kaweka shabani. Wengi wenu hamjui kwamba Shabani ni mtu, kwamba yuko hai, anakaa Ihanja, na kwamba ndiye aliyenifundisha kazi. Wachache wanaojua husimulia kuwa aliunguza boti kwa kiungo kibovu. Mimi nilikuwepo kwenye boti hiyo. Nimekaa nanyi miaka yote nikiwa nimefyata ulimi, na nikiendelea hivi mzee wa watu atakufa huku jina lake likiwa tusi katika karakana aliyoitumikia kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Habari za vyeo sitaziandika. Vilichelewa, vikaja, basi. Nitaandika kazi.

Nilitoka kwetu Ulemo nikiwa na cheti cha umeme wa magari na sketi ndefu iliyonikwaza kila nilipopanda lori. Mkuu wa karakana wa wakati ule alinitazama akaniuliza kama nimeleta barua. Nikamwambia nimejileta mwenyewe, nimekuja kazini. Akanielekeza kwa Mzee Shabani, nadhani kwa sababu hakujua pengine pa kuniweka. Mzee alikuwa chini ya tipa, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Naomi. Fundi mpya."

"Fundi wa nini?"

"Umeme."

"Basi nipe testa hapo mezani. Ukinipa bisibisi unarudi kwenu leo leo."

Nilimpa testa. Ilikuwa ya kujitengenezea: balbu ndogo ya taa ya nyuma, waya mmoja wenye ncha ya msumari, mwingine wenye kibanio. Unabana upande mmoja kwenye chuma cha gari, unachoma waya kwa ncha, balbu ikiwaka unajua umeme upo. Ninyi mna mashine zinazoandika namba. Sizidharau, ila nimewaona wengine wenu betri ya mashine ikiisha mnakaa chini kungoja.

Mzee Shabani hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa mtu wa mjini, mwana wa mwenye duka, familia yao ilitoka pwani zamani, lakini alishakaa Singida mpaka akawa anatukana kwa Kinyaturu kuliko Wanyaturu wenyewe. Kwenye kuunga waya hakuna aliyemfikia. Alimenya plastiki bila kukata hata uzi mmoja wa shaba, akazipanua nyuzi za pande zote mbili, akazipishanisha, akazisokota, ndipo akalehemu kwa risasi. Kikishapoa, alikuwa na tabia moja niliyoiona ya kichaa siku ya kwanza: alizungusha waya kwenye ngumi zote mbili na kuuvuta kwa uzito wake wote, mguu kautanguliza kwenye bampa. "Kama kitaachia, kiachie mikononi mwangu," alisema. Akinikuta nimefunga tepu kabla ya kuvuta, aliikata tepu yote kwa kisu, akanikabidhi waya na kuondoka. Nilimchukia kwa miezi kadhaa, sitawaficha.

Sasa nisikilizeni habari ya neno moto, maana shauri lote limelala hapo. Katika kazi yetu umeme ni moto. Waya wenye umeme una moto. Fundi aliye chini ya gari akitaka uwashe swichi, anapaza sauti: "Moto!" Nawe unawasha. Fundi huyohuyo akichoma waya kwa testa akakuta umeme upo, anapaza sauti vilevile: "Moto!" Maana yake upo, nimeuona. Neno moja kwa amri na kwa taarifa. Tulizitofautisha kwa sauti, na kwa kujua mwenzako anafanya nini. Ukikosea kwenye lori, honi inalia au waipa zinafuta kioo kikavu, mnatukanana kidogo, mnaendelea. Miaka sita mimi na Mzee tulifanya kazi hivyo, naye alisema hajawahi kupata mtu anayemwelewa haraka kama mimi. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Boti ilikuwa ya mradi mmoja wa uvuvi kule Ziwa Kitangiri. Ya plastiki ngumu, injini ya petroli imefungwa ndani kabisa, chini ya kifuniko kikubwa cha kuinua, na pampu ya mafuta ilikuwa ya umeme. Ilikuwa imekwama pampu. Fundi wa boti hakuna mkoani kwetu, hivyo tukaitwa sisi wa malori. Tulitoka mjini asubuhi, mimi na Mzee, tukapita Iguguno tukanywa chai. Karibu na kufika akaniambia, "Huko hatuendi kutengeneza gari, binti. Gari likivuja, petroli inaanguka chini na upepo unauchukua mvuke. Boti haina tundu chini. Ikivuja inabaki tumboni." Alinieleza kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini, haunyanyuki wenyewe, na pua ikishauzoea haiusikii tena. Cheche moja inatosha. Nilimwitikia ndiyo, mzee, ndiyo, mzee, nikidhani nimeelewa.

Tulimkuta dereva wa boti, Gidioni, mvuvi wa palepale, mpole, na msimamizi wa mradi, ambaye hakuwa mpole. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja saa tisa alasiri kupandishwa boti hiyo na kupigwa picha. Ilikuwa saa tano. Msimamizi alitupokea ameivua saa yake na kuishika kiganjani.

Nitaandika alichofanya Mzee hatua kwa hatua, ili mtu asije akasema alikuwa mzembe. Kwanza alifungua waya wa hasi kwenye betri, akaufunga kitambaa na kuusukumia mbali. Pili aliinua kifuniko na kutushusha wote ufukweni, tukakaa nusu saa nzima upepo upite. Msimamizi aliuliza kama tumelipwa kuota jua. Mzee akamjibu kwamba ndiyo. Tatu alipiga magoti, akaingiza kichwa, akanusa chini kabisa, akatoka akapumua nje, akarudi kunusa tena. Ndipo akagusa nyaya.

Nyaya zenyewe zilikuwa balaa. Kuna fundi aliyetutangulia, simjui na simtafuti, alikuwa amechanganya rangi, amesokota na kufunika tepu bila kulehemu, na shaba imeshaota ukijani kwa unyevu. Mzee alikata kipande chote kilichooza kwenye waya unaotoka kwenye swichi ya funguo kwenda kwenye pampu. Kuunga hakuungia botini. Alishuka na waya wake mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa anakaanga samaki, mbali na maji, akaazima mkaa wake kupasha chuma cha kulehemia, akaunga palepale. Akauvuta kwa ngumi mbili na mguu kwenye jiwe, yule mama akimshangaa. Akavuta mara ya pili. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho haya.

Tuliporudi ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Nati ya pampu ilikuwa imeshika kutu, na alipoizungusha kwa spana bomba la mafuta likacheza. Petroli ikamwagika tumboni, si nyingi, kiasi cha kikombe. Tukaikausha kwa matambara, tukayapeleka matambara mbali. Mzee akasema tungoje tena nusu saa. Msimamizi akapandisha hasira. Ilikuwa saa nane kasoro, wageni wamepiga simu wako Iguguno, na yeye ndiye atakayejibu. Alisema maneno mengi, mengine kuhusu wazee ambao muda wao umepita. Mzee akakubali dakika kumi. Alikubali shingo upande, lakini alikubali. Hapo alikosea, na hata mwenyewe hajawahi kulikataa hilo.

Kosa lingine lilikuwa letu sote wawili. Tulirudisha waya wa betri kabla ya kukaza mwisho wa waya kwenye pampu. Mzee alitaka kuhakikisha kwamba swichi ikiwa imezimwa hakuna umeme unaofika kule ndani, kwa jinsi zile rangi zilivyochanganywa. Leo ningemkataza mtu yeyote kuchoma testa mahali palipomwagikiwa petroli. Wakati ule tulipima hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoea kupima kwenye malori.

Alilala kifudifudi, kichwa na mikono ndani. Mwisho wa waya wake mpya ulikuwa umelala juu ya injini, haujafungwa. Mimi nilikaa mbele kwenye usukani, funguo ziko kwenye swichi, zimezimwa. Gidioni alisimama majini ameshika boti isicheze. Mzee akaniambia, "Usiguse kitu mpaka nikwambie." Nikasema sawa. Mawimbi yalikuwa yanapiga ubavuni, msimamizi ufukweni anaongea na simu kwa sauti, na mimi nimekaza masikio yangu yote kwa mzee. Nilitaka tumalize, twende zetu.

Akachoma waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu balbu ikawaka. Kulikuwa na waya ambao yule fundi wa zamani aliutoa moja kwa moja kwenye betri, unabeba umeme hata swichi ikizimwa. Mzee alishtuka, na kwa kushtuka akapaza sauti.

"Moto!"

Nikawasha.

Mkono wangu ulizungusha funguo kabla kichwa hakijafikiri. Umeme ukaenda kwenye ule waya uliolala juu ya injini bila kufungwa, ncha yake ikagusa chuma, ikatoa cheche. Haikulia kwa kishindo kama mnavyosimuliana. Ilikuwa puu, nzito na fupi, halafu joto likanipanda miguuni mpaka usoni. Mzee alitoka mle ndani ameinua mikono, na mikono ilikuwa inawaka. Gidioni alimvuta kwa mshipi akamwangusha majini, akamkandamiza. Kisha akapanda, akakipiga kifuniko teke kikajifunga, akaanza kuchota mchanga mbichi chini ya maji kwa kasia na kuurundika kwenye kingo zake. Moto ulikufa kwa kukosa hewa.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesharudisha funguo. Sijui nilizirudisha saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba nilipoziangalia zilikuwa zimezimwa, na vidole vyangu bado vimezishika.

Msimamizi alipofika alitazama swichi kabla hajamtazama Mzee. Akaniuliza, "Swichi ilikuwa imezimwa?" Nikamjibu, "Si unaiona imezimwa." Nililisema hilo mara ya pili kwa mkuu wa karakana, na mara ya tatu mbele ya watu watatu waliokaa mezani kuandika taarifa. Wao wakajiuliza cheche imetoka wapi kama swichi imezimwa, wakaona kuna waya wenye umeme wa moja kwa moja, wakaambiwa kiungo kipya kilipita karibu yake, wakaandika kwamba kiungo kilifunguka kikagusana nao. Wakanipa nisaini kama shahidi. Nikasaini. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Mtauliza kwa nini. Nilijiambia kwamba mimi ni mwanamke pekee pale, na nikisema nimeunguza mtu hawatamwajiri mwanamke mwingine. Hiyo ni sababu nzuri na huwa naiona inafaa kuwaambia watu. Sababu yenyewe ni woga. Niliogopa macho ya Mzee.

Nilikwenda hospitali wiki ya pili. Mikono yake ilikuwa mabunda mawili meupe. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Kilifunguka, eti?" Nilikuwa nimekwenda ili nimwambie. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nikafungua mdomo, nikasikia unasema, "Wanasema hivyo." Akatikisa kichwa kukubali. Akageukia ukutani. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona mimi mwenyewe dakika ile, na bado nikaaga na kuondoka.

Hakurudi kazini. Ngozi ya vidole ilimkaza, lakini nasikia daktari alisema angeweza kurudi, kazi nyepesi nyepesi. Alihamia Ihanja kwa wakwe zake, akalima alizeti. Meza yake nilipewa mimi, na testa yake.

Kwa sababu nilishawahi kuona boti, kila boti iliyoharibika baada ya hapo ililetwa kwangu. Ndipo zikazaliwa zile kanuni mnazoziita ushirikina wa Mama. Mnazijua, lakini sasa nawaambia zilikotoka. Funguo hazikai kwenye swichi wala kwa msaidizi. Zinakaa mfukoni mwa yule ambaye kichwa chake kiko ndani. Betri inatolewa nje ya boti kabisa, inawekwa ufukweni. Kifuniko kikiinuliwa hakishuki mpaka kazi iishe, na petroli ikimwagika hata kijiko mnaanza upya kuhesabu nusu saa, hata kama anakuja nani. Kila kiungo kinaungiwa nchi kavu. Waya unafungwa ubavuni kwa vibanio ili usicheze na injini, na fyuzi inakaa karibu na betri, isiwe mwisho wa waya. Kupima kunafanywa kila kitu kimeshakazwa, mtu ameshatoka ndani, na pua mbili tofauti zimenusa. Na neno moto halitamkwi. Tunasema "washa", tunasema "zima", tunasema "umeme upo", na anayeambiwa anarudia alichoambiwa kabla hajanyanyua kidole. Kijana mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama akisikia baridi botini aombe kuota umeme, kwa kuwa moto hautamkwi. Nilimpa adhabu ya kuosha matambara ya petroli mwezi mzima, na sijutii.

Mara moja nilirudi Kitangiri, boti nyingine, pampu ya aina ileile. Safari hiyo niliingia mimi. Nilipolala kifudifudi mle ndani, funguo zikinichoma pajani, pua yangu haikusikia chochote, nikajua imeshazoea. Nikatoka. Nikamwomba Gidioni, ambaye nywele zake zilishaota mvi, anuse yeye. Alinusa akaniambia kwa Kinyiramba nisirudi. Kulikuwa na ufa kwenye bomba, mdogo wa kutoonekana. Watu walikuwa wanangoja kuvushwa, mvua imekata njia, wananipigia kelele kwamba nawachelewesha kwa uoga wa kike. Nilikaa chini mchangani, funguo mfukoni. Niliwaweka mpaka siku ya pili. Gidioni alikaa na mimi ufukweni na hakuzungumzia ile siku nyingine. Sijui aliona nini wakati ule akiwa majini. Hakuniuliza kamwe.

Hapo ndipo nilipoishia kuandika mara ya kwanza. Nikaikunja karatasi, nikapanda basi kwenda Ihanja, kwa kuwa haikuwa haki msome ninyi kabla yake.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kivuli cha nyumba anachambua mbegu za alizeti kwa vidole vile vilivyokaza. Macho yamefifia, akanitambua kwa sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Naomi. Umestaafu, wameniambia. Umekuja kulima?"

"Nimekuja kukusomea kitu."

Mkewe, Bi Mwajuma, alileta chai akakaa kando. Nikasoma tangu mwanzo. Kwenye kile kisa cha bisibisi alicheka. Kwenye yule mama wa samaki alitikisa kichwa, akasema aliitwa nani, jina ambalo mimi nilishalisahau. Nilipofika pale niliposema nikawasha, vidole vyake vikaacha mbegu.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Uliwasha."

"Niliwasha, mzee."

"Halafu ukazima."

"Nikazima."

Bi Mwajuma aliinuka akaingia ndani. Mzee akakung'uta maganda ya mbegu vidoleni. Kisha akasema, taratibu kabisa, kwamba majirani humletea redio, humletea taa za pikipiki, na yeye huwaambia hajui umeme. "Nawadanganya watu wazima kwamba sijui umeme," alisema. "Niliviogopa vidole vyangu, Naomi. Nilisema kama vimenidanganya siku ile, na nilivuta mara mbili, basi vitamuua mtu. Hata swichi ya humu ndani anabonyeza mke wangu."

Nilisema samahani. Ni neno dogo, nililisema hivyohivyo.

"Maliza kusoma."

Nikamaliza, mpaka kwa Gidioni ufukweni.

"Umesoma yote?"

"Yote, mzee."

"Sijasikia kiungo kilikuwaje."

Nilikuwa nimeomba asiulize. Kesho yake baada ya ule moto nilirudi botini na Gidioni kufungua injini, na kiungo kilikuwepo. Tepu imeungua, plastiki imeyeyuka, risasi imetiririka upande mmoja, lakini shaba ilikuwa imeshikana. Nilikizungusha kwenye ngumi zangu mbili nikakivuta kwa uzito wangu wote. Hakikuachia. Nikakikata kwa plaizi na kukitupa ziwani, mbali nilivyoweza, Gidioni akiwa amenipa mgongo. Wale wa taarifa walipokuja kukitafuta wakakikosa, na kukosekana kwake kukawa ndiyo ushahidi.

Nilimwambia hayo kama nilivyoyaandika hapa. Mzee aliinua mikono yake akaitazama, kwanza huku, kisha huku, kwa karibu, jinsi macho yake yanavyotaka.

"Hakikuachia," akasema.

"Hakikuachia, mzee."

"Andika na hilo."

"Nitaandika nikifika nyumbani."

"Hapana. Ukifika nyumbani utaacha. Andika hapa hapa."

Nikaandika juu ya goti, machozi yakinidondokea kwenye karatasi, ndiyo maana mnaona wino umechafuka. Hakunibembeleza. Alipotosheka kwamba nimeandika alinitaka nimsomee, nikasoma, akanitaka nimsomee tena. Nikamuuliza, nikiwa nimepiga magoti pale chini na umri wangu huu, kama atanisamehe.

"Peleka kwanza karakana," akasema. "Isomwe mbele ya wote, isibandikwe ukutani. Ukishapeleka, urudi. Habari ya kusamehe tutaiongea siku hiyo."

Nimeileta. Kesho naenda Ihanja.